Kabari Yenye Uzi Mwekundu

Tak. Kimya kidogo. Tak.

Kwa miaka minne hiyo ndiyo sauti iliyoniamsha kabla hakujapambazuka. Ilikuwa ni mjukuu wangu akifunga chombo chake cha chakula cha kwenda nacho kazini. Chombo chenyewe ni cha bati, kina vibanio viwili, kimoja upande huu na kimoja upande ule. Unabana cha kwanza, unakishikilia hivyohivyo, ndipo unabana cha pili. Ukikiachia mapema kinafyatuka, na mchuzi unaishia mkobani.

Asubuhi ninayotaka kuwaeleza leo sauti ilikuwa ileile, ila aliyefunga nilikuwa mimi. Nilipomaliza nikavitazama vidole vyangu kumi pale juu ya meza. Nikaona haya kuwa navyo vyote.

Kama hukuwa nasi wiki iliyopita, habari ni hii. Mjukuu wangu, ambaye mtaa mzima unamwita Mapepe kwa sababu tangu utotoni hajui kutembea, yeye ni mbio tu, anafanya kazi kwenye kiwanda cha makopo. Yuko kwenye mashine ya kupiga vifuniko. Ndiyo kazi niliyoifanya mimi miaka kumi na tisa kabla sijastaafu. Mama yake, binti yangu, alinitangulia kaburini, kwa hiyo huyu nimemlea mwenyewe. Jumanne moja, saa tano asubuhi, nyundo ya mashine ilishuka juu ya mkono wake wa kushoto. Madaktari wakaukata juu kidogo ya kifundo.

Niliishia pale rafiki yake wa mashine ya jirani, yule anayeitwa Kibonge, alipokuja kwangu na leso iliyofungwa fundo.

"Bibi," aliniambia, "niliichomoa kwenye mashine kabla wakubwa hawajafika. Sikutaka wamseme vibaya mwenzangu."

Nikafungua fundo. Ndani kulikuwa na kabari ya mti, ndogo kama kidole cha mtoto, imezungushiwa uzi mwekundu.

Niliwaandikia kwamba nililia. Sikuwaandikia kwa nini.

Uzi ule niliuzungusha mimi.

Ngoja nieleze mashine, maana bila hiyo hamtanielewa. Unaweka kipande cha bati mahali pake. Unarudisha mikono. Kuna vitufe viwili, kimoja kushoto na kimoja kulia, na lazima uvibonyeze vyote kwa pamoja ndipo nyundo ishuke. Aliyeitengeneza alitufahamu binadamu. Mikono yote miwili ikiwa kwenye vitufe, hakuna mkono uliobaki chini ya nyundo.

Lakini hiyo ni polepole. Basi sisi wanawake wa vifuniko tulikuwa na ujanja wetu. Unachonga kabari, unaizungushia uzi isiteleze, unaichomeka pembeni mwa kitufe kimoja kibaki kimebonyea siku nzima. Mkono mmoja unapiga, mmoja unalisha. Bati ndani, nyundo chini, bati nje. Kama kucheza ngoma.

Ujanja huo haukuanguka kutoka mbinguni. Niliuanzisha mimi, kwa mpini wa mwiko uliovunjika. Na siku Mapepe alipoanza kazi nilimpa kabari yangu, nikaiweka kwenye kiganja chake kama mtu anayempa bintiye hereni za urithi.

"Hii itakutunza," nilimwambia.

Haya. Turudi kwenye asubuhi ile.

Kabla sijavaa viatu, mlango ukagongwa.

"Hodi humu! Bi Umeme yupo?"

Bi Umeme ni mimi. Ni jina la kiwandani, kwa wepesi wa mikono. Na sauti ilikuwa ya nyapara.

Aliingia na mfuko: sabuni, sukari, taulo jipya. Sitawaambia ni mtu mbaya, kwa sababu si kweli. Mwaka ule nilipozirai kwa joto la karakana, yeye ndiye aliyenibeba mgongoni hadi getini, akakaa chini vumbini akinipepea kwa kofia yake. Mambo kama hayo siyasahau.

"Shikamoo, Mama. Mgonjwa anaendeleaje?"

"Marahaba. Yupo."

"Tumshukuru Mungu ni wa kushoto."

Kila aliyekuja kunipa pole alisema hivyo. Nikachoka.

"Mapepe ni mashoto, mwanangu. Anakula kwa huo, anaandika kwa huo. Alikuwa akila kwa huo."

Nyapara akashusha macho kwenye kofia yake. Akaizungusha mara mbili. Kisha akatoa karatasi.

"Ofisi imeandika kitu kidogo tu, Mama. Kinasema mashine ilikuwa nzima, na kwamba yeye alijisahau akabana kitufe kwa hiari yake. Akitia sahihi wanampa kazi ya getini, ya kukaa kwenye kiti. Matibabu yanaendelea. Asipotia..." Akaacha sentensi ikae hewani.

"Atie sahihi kwa mkono gani?"

"Dole gumba linatosha."

"Umpelekee mwenyewe basi."

"Nilikwenda. Aliniangalia tu. Wewe atakusikia." Akasogea karibu. "Na kuna mkaguzi wa usalama kazini, yuko hapa tangu juzi. Msichana mdogo tu, lakini kuuliza kwake! Anaweza akauliza hata misumari ya ukutani. Leo atakuwa hospitali. Ukikutana naye, wewe ni bibi mzee, hujui mambo ya mashine."

"Mimi? Sijui mashine?"

"Leo hujui, Mama."

Nikaipokea karatasi. Ndiyo, nilipokea. Nilikuwa nafikiria kiti cha getini, na Mapepe amekaa, amepumzika, hakuna nyundo karibu yake.

Alipogeuka kutoka, akatazama juu ya mlango. Pale kuna saa ya ukutani niliyozawadiwa na kiwanda mwaka niliovunja rekodi.

"Bado inatembea hii?"

"Inatembea, ila inachelewa dakika kumi."

"Aibu gani hiyo, zawadi ya kiwanda kuchelewa! Niachie niipeleke kwa fundi."

Wasomaji wangu, niliguswa. Wiki nzima watu wanaingia na kutoka, wanalia, wanakunywa chai, na hakuna hata mmoja aliyeona kwamba saa yangu inachelewa.

"Sasa hivi nina haraka," nikamwambia. "Ufunguo huwa nauacha kwa jirani, mlango ule wa bluu. Ukipita wakati wowote, ichukue."

"Asante, Mama." Akainama kidogo kuniaga, kama mtoto wangu wa kumzaa.

Nikaitia karatasi kifuani. Kabari nilikuwa nimeifunga kwenye pindo la kanga tangu usiku ule wa Kibonge. Nikabeba chombo cha chakula, nikaenda.

Nje ya wodi kuna benchi refu. Kwenye benchi alikaa msichana mwenye daftari, viatu vyake vya chini vimejaa vumbi la bati. Vumbi hilo nalijua. Linang'aa. Halitoki hata ufue mara ngapi. Aliponiona akasimama, akanipisha mahali palipokuwa na kivuli.

"Kaa, Bibi. Bado wanawafunga wagonjwa vidonda. Ni dakika chache."

Akanipa na maji yake, chupa ambayo hajaifungua.

"Wewe ni bibi yake Mapepe," akasema. Hakuuliza.

"Ndimi."

"Mimi ndiye mkaguzi. Pole sana, Bibi."

"Tumeshapoa."

Akalifungua daftari kwenye magoti. "Nina jambo linanisumbua, labda utanisaidia. Jana nimekaa kwenye ile mashine mwenyewe. Nimeweka mtu hodari, abonyeze vitufe vyote viwili kama inavyotakiwa, nami nashika saa. Kwa saa moja amepiga vifuniko mia sita. Jasho linamtiririka. Ukutani pameandikwa mia tisa."

Nikanywa maji.

"Mia tisa kila saa, kila siku, kila mtu. Asiyefika anakatwa mshahara. Nimewauliza wanawake wale mmojammoja, mnafikaje? Unajua wamenijibu nini?"

"Nini?"

"Mikono myepesi." Akacheka kidogo, bila furaha. "Wote ishirini na wawili. Neno hilohilo, kama walikaa wakakubaliana. Sasa, Bibi, niambie. Hiyo mia tisa ilitoka wapi? Nani wa kwanza aliifikia?"

Palepale kabari ikawa nzito kwenye pindo langu kama jiwe la kusagia.

"Sijui," nikasema. "Mimi mashine sizijui."

Akaniangalia mikono. Mikono yangu ina makovu madogo ya bati kuanzia kwenye vidole hadi juu, kama imeandikwa. Aliona, najua aliona. Lakini hakunisuta. Alifunga daftari polepole, akaniambia, "Nipo hapahapa, Bibi, hadi saa sita."

Mapepe alikuwa amekaa kitandani, kitanda cha kwanza karibu na mlango. Mtu alikuwa amemsuka nywele, mistari minne iliyonyooka.

"Nani kakupamba hivi?"

"Nesi wa zamu ya usiku. Alikuwa anapumzika, badala ya kulala akaja na kitana. Eti nywele zangu zinawatisha wagonjwa wa moyo."

Nikacheka. Naye akacheka. Nikamwombea yule nesi dua kimoyomoyo.

"Maumivu?"

"Vidole vinaniwasha."

"Nikukune?"

"Vile ambavyo havipo, Bibi."

Sikujua nifanye nini na mikono yangu. Nikafungua chombo, nikamlisha viazi, kipande kimojakimoja. Mtu wa miaka ishirini na minne. Alikula kama alivyokuwa akila utotoni, macho mbali.

"Umeletewa karatasi," akasema ghafla.

"Umejuaje?"

"Kifuani kwako kunachakacha kila ukiinama. Ya nyapara?"

"Ya nyapara."

"Isome."

Nikasoma. Mimi si msomi, nikasoma taratibu, neno kwa neno, hadi pale palipoandikwa *alijisahau*.

"Alijisahau," Mapepe akarudia. "Mimi sikujisahau, Bibi. Nilikuwa nakumbuka mia tisa tu, hakuna kingine. Katika saa ile nilikuwa nimebakiza vifuniko vichache tu nivunje rekodi yako."

"Rekodi yangu?"

"Nilitaka jioni nije nikwambie. Ningeingia mlangoni ningesema, Bi Umeme, shuka kwenye kiti, mwenye kiti kaja." Akatabasamu, kisha tabasamu likamwishia. "Lakini mwambie nyapara asijisumbue. Nimeshasema."

"Umesema nini? Kwa nani?"

"Kwa mkaguzi. Jana jioni. Nimemwambia kabari nilichonga mwenyewe, nikaweka mwenyewe, hakuna aliyenifundisha wala aliyejua."

Kijiko kikaniponyoka.

"Mapepe! Kwa nini?"

"Nilisikia manesi wanasema watamtafuta aliyeanzisha huo mchezo. Sasa ningesemaje? Bibi yangu? Aliyenilea kwa mashine hiyohiyo?" Akalivuta shuka kwa mkono wa kulia. "Bibi, ningekuwa mtu gani?"

Nimepata misiba mingi, nimewaandikia baadhi. Nimezika mume, nimezika binti. Lakini sijawahi kupokea zawadi iliyonichoma kama ile. Mtoto hana mkono, na ule aliobaki nao anautumia kunificha mgongoni kwake.

Nikajua kwamba nikinyamaza sasa, nimemla mzima.

"Mapepe. Nisikilize usinikatize."

"Mm."

"Ile mia tisa."

"Imefanyaje?"

"Siyo ya mikono. Ni ya kabari."

Hakuelewa. Niliona usoni mwake hakuelewa.

"Kabari ni ya sisi wazito," akasema. "Wewe ulifika kwa mikono yako. Kila mtu anajua. Ndiyo maana waliandika ukutani."

"Kila mtu anajua hivyo kwa sababu nimewaacha wajue hivyo. Bila kabari sikuwahi kuvuka mia sita na hamsini. Hata siku moja. Siku waliyokuja kunipima na saa, kabari ilikuwa kwenye mashine. Ningeweza kuichomoa. Nilifikiria kuichomoa. Lakini wakubwa walikuwa wamesimama wote, wananitazama, na mimi nilikuwa sijawahi kutazamwa na mtu maishani kwa jambo jema."

"Nani alishika saa?"

"Kijana mgeni wa ofisi. Ndiye nyapara wa leo. Aliiona kabari kwa macho yake, akacheka, akasema, Bi Umeme huo mkono wako wa tatu utatuinua sote. Akaandika mia tisa. Kesho yake ikapakwa rangi ukutani, wakasema, kama mwanamke mmoja anaweza, wote wanaweza. Na mimi nikapewa saa ya ukutani."

Mapepe alikuwa hanitazami tena. Alikuwa anatazama bandeji.

"Walipolalamika wenzangu kwamba hawafiki, nifanye nini?" nikaendelea. "Ningesema nilidanganya? Nikawachongea kabari. Mmoja, wa pili, wa tatu. Nikajiona mwema. Walinishukuru, Mapepe. Waliniletea mayai."

"Kwa hiyo," akasema polepole, "miaka minne yote hii."

"Ndiyo."

"Ulikuwa unaniambia mikono yangu mizito. Nikirudi na mia nane na hamsini unaniambia, harakisha mwanangu, damu yangu haiwezi kuwa nzito hivyo."

"Nilikuambia."

"Nikawa nakula nimesimama. Nikaacha kunywa maji nisiende chooni. Nililia chooni siku niliyokwenda, Bibi, kwa sababu nimekwenda chooni."

"Ndiyo, mama."

Nilitaka anipige. Angekuwa na nafuu, nami ningekuwa na nafuu. Hakunipiga. Mgonjwa wa kitanda cha pili alijifanya amelala, Mungu amjalie, alitugeuzia mgongo atuachie nafasi.

"Nipe chombo changu," Mapepe akasema.

Nikampa. Akakiweka kwenye mapaja, akaweka kifuniko, akabana kibanio cha kwanza kwa dole gumba la kulia. Tak. Alipokiachia aende kwenye cha pili, cha kwanza kikafyatuka. Akabana tena. Kikafyatuka tena. Nikanyoosha mkono.

"Usinisaidie."

Nikaurudisha. Akakikumbatia chombo kifuani, akakigandamiza kwa ule mkono wenye bandeji, uso ukamkunjamana kwa maumivu, akabana. Tak. Upande mmoja. Ule wa pili ukabaki mdomo wazi.

Akakisukuma kwangu kikiwa hivyohivyo, akageukia ukuta.

"Nenda, Bibi."

Nikasimama. Zilikuwa hatua nne toka kitandani hadi mlangoni, na sijui nilizitembeaje.

Mkaguzi alikuwa bado pale kwenye benchi. Aliponiona akataka kuinuka anipishe tena. Nikamzuia kwa mkono. Nikafungua pindo, nikaiweka kabari juu ya daftari lake.

"Mwanangu, nilikudanganya. Mimi ndiye Bi Umeme. Kabari hii ni yangu, na mjukuu wangu amekudanganya kwa sababu ananipenda. Mia tisa uliyoniuliza imetoka hapa."

Nikamweleza yote, kama nilivyowaeleza ninyi. Mlango wa wodi nyuma yangu sikuufunga. Nadhani sikutaka kuufunga. Nilitaka asikie kwamba nimesema.

Mkaguzi hakuandika hata neno hadi nilipomaliza. Kisha akaishika kabari kwa vidole viwili, akaigeuza.

"Asante, Bibi. Najua haikuwa rahisi." Akavuta pumzi. "Lakini nikuambie ukweli. Ofisi itasema bibi alidanganya na mjukuu akadanganya, wao hawakujua. Itakuwa neno lako na la nyapara. Wenzake Mapepe wanaogopa, hawatasema. Na kama ofisi haikujua, basi kosa lote ni la Mapepe, hata kiti cha getini hawatampa. Kuna kitu chochote kilichoandikwa? Karatasi, barua, chochote, kinachoonyesha waliijua kabari?"

Ndipo nilipokumbuka. Nilitaka kuruka kwa furaha, mimi na magoti yangu haya.

"Kipo! Nyuma ya saa yangu ya ukutani. Walibandika cheti. Niliona aibu, nikashukuru kwamba kinatazama ukuta, hata Mapepe hajawahi kukisoma. Kinasema, kwa Bi Umeme, vifuniko mia tisa kwa saa, kwa ubunifu wake wa kutumia kabari. Kina muhuri wa ofisi. Na aliyetia sahihi ni yuleyule aliyenipima."

"Nyapara?"

"Nyapara."

Nilitegemea atafurahi. Badala yake uso wake ulibadilika.

"Bibi. Saa hiyo iko wapi sasa hivi?"

"Nyumbani, juu ya mlango. Itakuwa wapi tena?"

"Nyapara alikuwa hapa. Ulipokuwa ndani na mgonjwa alikuja, akaniuliza umesema nini, nikamwambia umesema hujui kitu. Akafurahi. Akasema basi yeye anapita kwako mara moja." Akalifunga daftari. "Akasema umemwomba achukue saa yako, aipeleke kwa fundi."

Nikamwona jirani wa mlango wa bluu akitoa ufunguo. Nikaiona kofia. Nikajiona asubuhi ile nimesimama pale, moyo umenijaa shukrani kwa mtu aliyeona saa yangu inachelewa.

Nilimpa mwenyewe. Kama nilivyompa Mapepe kabari.

"Ameondoka muda gani?"

"Kama nusu saa. Twende, Bibi, nina pikipiki nje. Utaweza kupanda?"

"Nitapanda hata ukuta."

Nikainuka. Chombo cha bati kikaniponyoka, kile kibanio kilichobaki kikafyatuka, kifuniko kikabingirika sakafuni kikilia hadi kwenye mlango wa wodi. Nikainama kukiokota.

Nilipoinua kichwa nilimwona Mapepe. Alikuwa amegeuka kutoka ukutani. Amekaa, miguu ikining'inia kitandani, mashavu yamelowa. Alikuwa amesikia kila kitu.

Nilishika kifuniko, nikarudi nyuma hatua moja, mbili.

"Bibi."

"Naam, mama."

Akahangaika na maneno. Mtoto ambaye hajui kutembea, yeye ni mbio tu, safari hii alichukua muda.

"Hata usipoikuta," akasema, "kesho uje."